Tupeane uzoefu: siku uliyomtii Mungu huku ukiiona hasara mbele yako

Mwana wa Kagera
Juzi kwenye jumuiya tulisoma Luka 5, pale Petro anaposema wamefanya kazi usiku kucha bila kupata kitu, lakini kwa neno la Bwana atazishusha nyavu. Nimelelewa na wazee wa Uamsho, ule wa Kikristo ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na nikakumbuka walivyosimulia kuhusu waliookoka wakarudisha majembe waliyoiba na fedha walizochukua kwa waajiri, wakijua kwamba huenda wakashtakiwa. Naomba tuache miujiza ya kusikia. Kila mmoja aeleze siku ambayo utii ulimgharimu yeye mwenyewe.

Mtunza Stoo
Nilifanya kazi katika kampuni ya ujenzi, ambako saruji ilikuwa ikifika pungufu na bosi akitaka nisaini kwamba mzigo umetimia. Mke wangu alikuwa mjamzito, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuidai kodi. Nilimjibu bosi kwamba nitaandika idadi niliyoihesabu kwa macho yangu. Hakunifokea, alinihamishia lindoni, na mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Lililoniuma kuliko yote ni shemeji zangu kuniambia kwamba uaminifu haulipi kodi. Mpaka leo sijapata mshahara kama ule, wala sitadanganya kwamba nilifunguliwa mlango mkubwa zaidi. Nauza vifaa vya umeme, watoto wanakula, na ninapoweka saini yangu mahali popote siogopi kuulizwa.

Mama Upendo
Pole sana, kaka. Na mume wangu alipita humo humo.

Mfanyabiashara wa Mwenge
Ndugu, usikiri kushindwa. Malaki 3:10 inatuambia tumjaribu Mungu kwa zaka kamili, naye atafungua madirisha ya mbinguni. Chunguza utoaji wako.

Mwinjilisti Mstaafu
Mwanangu, hapo nakukatalia kabisa. Wale vijana watatu katika Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza kwamba hata kama si hivyo hawataisujudia sanamu. Huyu ndugu ametii bila kuahidiwa malipo, nawe unamdai risiti za zaka?

Binti wa Kilosa
Mmenitonesha kidonda, maana mama yangu alitii akaangamia nusu. Alikuwa akitumia dawa za presha, na mtumishi mmoja akamwambia kwamba kuendelea kuzimeza ni kumwonyesha Mungu kuwa hamwamini. Mama hajawahi kubishana na mtu wa madhabahu. Alizitupa chooni bila kutuambia, akaimba siku ile kwa furaha ambayo sijaisahau. Baadaye tulimkuta ameanguka jikoni, mdomo umepinda, mwiko ungali mkononi, na chakula kimeungua. Ilikuwa kiharusi. Sasa anazungumza kwa shida, na kila mara ananiuliza kama imani yake ilikuwa haba, nami sijui nimjibu nini.

Mfanyabiashara wa Mwenge
Pole, dada. Hata hivyo tuwe waangalifu tusiwaguse masihi wa Bwana, yaani watumishi aliowatia mafuta.

Mama Upendo
Masihi gani anayemnyang'anya mgonjwa dawa? Mimi ni muuguzi, na wagonjwa wa namna hii nimewapokea. Dada, usimlaumu mama hata kwa kumtazama.

Mwinjilisti Mstaafu
Nabii Isaya mwenyewe, baada ya kumtangazia mfalme Hezekia kwamba atapona, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Someni pia 1 Wafalme 13: mtu wa Mungu aliambiwa na Bwana asile wala asinywe mahali pale, nabii mzee akamdanganya kwamba malaika ameruhusu, akala, na simba akamuua njiani. Aliiacha amri aliyoipokea kwa sababu mtu mwenye cheo alisema kwa uhakika. Mama hakupungukiwa imani, binti yangu. Alidanganywa, na aliyemdanganya ndiye atakayeulizwa.

Mwana wa Kagera
Turudi kwenye mada, ingawa naona hii nayo ni mada.

Fundi Cherehani
Mimi nilitakiwa tu kumwomba radhi dada yangu juu ya shamba la baba. Najiambia: funga kwanza, ndipo uende.

Mtunza Stoo
Nenda kwanza, Mathayo 5 inasema uiache sadaka madhabahuni ukapatane naye. Ukisubiri kufunga, utakuwa umeahirisha.

Mama Upendo
Binti wa Kilosa, mama anafanya mazoezi ya viungo? Na presha hupimwa mara kwa mara? Dawa zisikatike tena, hata akijisikia mzima.