Hawa wanaochota majitaka alfajiri Eastleigh wanatafuta nini?

Mama Hamdi
Assalam aleikum. Naishi Eastleigh, dirisha la jikoni linatazama mtaro wa majitaka. Hii ni mara ya tatu naona watu wawili wenye glavu na gambuti wakishusha ndoo kwa kamba kabla ya saa moja asubuhi, wanajaza chupa, wanaondoka. Jirani ameniambia wanatafuta polio, na wakiipata watajua imetoka nyumba gani. Mwingine anasema hiyo polio imeletwa na chanjo yenyewe. Nina mtoto wa miezi 11. Mwenye kujua anieleze.

Mchota Sampuli
Waaleikum salaam Mama Hamdi. Nimeifanya kazi hiyo Nairobi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nakuambia niliyoyashika kwa mikono yangu.

Tunakuja alfajiri kwa sababu ndiyo saa watu wengi wanaenda choo. Tukichelewa hadi saa nne, mtaroni yanapita maji ya kufulia tu. Tunachukua lita moja, tunaandika tarehe, saa na mahali, chupa inaingia kwenye kisanduku cha barafu kama kile cha kubebea chanjo, inakwenda maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Huko wanayakoleza yale maji, kisha wanayaweka kwenye seli hai zinazokuzwa maabara na kusubiri siku kadhaa waone kama kuna kirusi kinachoota. Baridi ndiyo roho ya kazi. Siku moja gari lilichelewa, barafu ikayeyuka, na chupa niliyoiamkia saa kumi usiku ikakataliwa mlangoni. Niliumia, maana chupa ikipata joto kirusi kinaweza kufa njiani, halafu majibu yakaonyesha mtaa ni salama kumbe sivyo.

Nyumba yako haiwezi kujulikana, ondoa hofu. Chupa moja imebeba choo cha maelfu ya watu, kimechanganyika.

Kwa nini majitaka? Kati ya watoto 200 walioambukizwa polio, anayepooza ni kama mmoja tu. Wengine wanacheza kama kawaida huku wakitoa kirusi chooni kwa wiki kadhaa. Ukisubiri mguu ulegee, umechelewa. Machi 2018, chupa iliyochotwa hapo hapo Eastleigh, Kamukunji, ilikutwa na polio aina ya 2, mojawapo ya aina tatu za kirusi hicho. Hakuna mtoto wa Nairobi aliyekuwa amepooza. Kampeni ya chanjo ikafuata.

Huyo jirani wa pili hajasema uongo mtupu, na sipendi watu wanavyonyamazishwa wakiuliza hilo. Matone ya chanjo ya polio yana kirusi kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kinaweza kupita mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kikabadilika na kurudisha makali. Kile cha 2018 kilikuwa cha namna hiyo. Penye watoto waliochanjwa, kinakosa pa kupita.

Huyo wa miezi 11 amemaliza chanjo?

Mswahili wa London
Hata huku. Mwaka 2022 walikuta polio aina ya 2 kwenye majitaka ya mtambo wa Beckton, mashariki mwa London, na Agosti watoto wote wa mwaka 1 hadi 9 jijini wakaitwa kuongezewa chanjo. Wangu wawili walichomwa siku moja.

Kijana wa Mwananyamala
Kaka, na sisi wa vyoo vya shimo? Huku kwetu Dar mabomba ya majitaka ni ya wachache, mwaka mzima tunasubiri gari la kunyonya.

Mchota Sampuli
Umegusa penye kidonda, ndugu yangu. Shimo halitiririki, kwa hiyo ndoo yetu haina la kusema juu yake. Mahali pengine tunachota kwenye mifereji ya wazi ambako majitaka yanaishia, lakini si sawa na bomba. Kwenu jicho kubwa ni mzazi na mhudumu wa afya: mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo. Zinatakiwa sampuli mbili za choo chake, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Watu wanaanza na kukanda mafuta, siku zinakatika.

Mama Hamdi
Ahsante kaka. Matone alipata, ila kliniki ya wiki 14 ilitupita, tulikuwa Garissa kwenye msiba.

Mchota Sampuli
Poleni na msiba. Hiyo ya wiki 14 ndiyo yenye sindano. Tangu Aprili 2016 matone ya kawaida hayana aina ya 2, ile iliyokutwa mtaroni kwenu, sindano inayo. Hajachelewa, atapewa. Nenda kesho na kijitabu cha kliniki, na uwaambie wazi kuwa ni sindano ya polio iliyompita.

Mama Hamdi
Kesho saa mbili nitakuwa pale inshallah. Na wale wa ndoo wakija tena nitawapelekea chai.

Mchota Sampuli
Wape na maji ya kunawa kwanza.