Malalamiko: Tunauziwa jina la bendi ilhali jukwaani hayupo hata mmoja wa waliolijenga

Ndugu wanajamvi,

Nimeivumilia kwa muda mrefu hoja inayorudiwa kila panapozungumzwa muziki wa roki, kwamba bendi ni jina, na kwamba maadamu mwenye haki ya jina ameridhia, basi yeyote anayepanda jukwaani chini ya nembo yake ni bendi ile ile tuliyoipenda. Hoja hiyo ni ya wafanyabiashara, na inanikera zaidi inapotetewa na mashabiki ambao ndio wanaotoa fedha mfukoni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusizungushane. Bendi inaweza kubadilisha wanamuziki, hata wote mmoja baada ya mwingine, na ikabaki yenyewe, ikiwa walioingia waliipokea kazi kutoka kwa waliokuwemo na wakaendelea kutunga. Lakini siku ambayo jukwaani hakuna aliyebaki kati ya waliotunga na kurekodi, na wala hakuna kipya kinachotungwa, kilichopo pale ni bendi ya kopi yenye kibali, na kuiuza kwa jina kamili bila maelezo ni kumdanganya mnunuzi wa tiketi.

Nianze na Foreigner, kwa sababu ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Bendi hii iliundwa New York mwaka 1976 na Mick Jones, mpiga gita Mwingereza, akiwa pamoja na Ian McDonald aliyetoka bendi ya King Crimson, mpiga dramu Dennis Elliott, na Wamarekani watatu: Al Greenwood kwenye kinanda, Ed Gagliardi kwenye besi, na Lou Gramm, ambaye sauti yake ndiyo ambayo wengi wetu tunaisikia kichwani jina hilo linapotajwa. Albamu zao za kati ya mwaka 1977 na 1984 ndizo zilizowafanya wajulikane duniani, na wimbo wao "I Want to Know What Love Is" ulishika namba moja Marekani na Uingereza mapema mwaka 1985. Gagliardi alifariki mwaka 2014, McDonald mwaka 2022, na Jones, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa haonekani tena kwenye ziara, alitangaza Februari 2024 kwamba anaugua ugonjwa wa Parkinson. Ziara hazikusimama. Kelly Hansen, aliyeingia mwaka 2005 kushika nafasi ya mwimbaji, aliondoka mwaka 2025, na nafasi yake akaichukua Luis Maldonado. Kwa maneno mengine, tumeshafika mahali ambapo mbadala naye ana mbadala wake, na bado bango linasomeka Foreigner, basi.

Sasa tazameni jambo moja ambalo watetezi wa bango hilo huliruka. Oktoba 2024 Foreigner iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Cleveland, Marekani. Waliotajwa ni Jones, Gramm, McDonald, Elliott, Greenwood, Gagliardi, na Rick Wills aliyempokea Gagliardi besi. Hansen, aliyeziimba nyimbo zile jukwaani kwa karibu miaka 20, hakuwemo kwenye orodha. Simsemi vibaya, maana ni mwimbaji hodari na kazi yake aliifanya kwa heshima. Ninachouliza ni kwa nini siku ya kutoa heshima kila mtu anafahamu vizuri bendi ilikuwa ni nani, lakini siku ya kukusanya kiingilio ufahamu huo unapotea ghafla. Mwaka uliofuata, 2025, Gramm mwenyewe alipanda nao jukwaani katika baadhi ya maonesho, akiwa mwalikwa. Mtu anaalikwa kwenye nyimbo alizoshiriki kuzitunga!

Nakiri kwamba Jones ameridhia haya yote, na kwamba mwaka 2009 bendi ilitoa albamu ya nyimbo mpya yeye akiwa ndani yake. Wakati ule nisingelalamika. Mtunzi alikuwepo, kazi ilikuwa inaendelea, na aliyekuwa mgeni alikuwa mwimbaji tu. Ridhaa yake ya leo inatosha mbele ya sheria, lakini haigeuzi watu walioajiriwa kupiga nyimbo za mwaka 1978 wakawa ndio waliozipiga mwaka 1978.

Lynyrd Skynyrd ya Jacksonville, Florida, ni kisa kizito zaidi, na hapa hata mimi huzungumza kwa sauti ya chini kidogo kwa sababu kuna makaburi ndani yake. Ndege yao ilianguka karibu na Gillsburg, Mississippi, tarehe 20 Oktoba 1977, ikamuua mwimbaji na mtunzi Ronnie Van Zant, mpiga gita Steve Gaines, dada yake Cassie Gaines aliyekuwa mwitikiaji, pamoja na watu wengine watatu. Walionusurika waliafikiana kwamba jina lile lisitumike tena. Miaka kumi baadaye likatumika, Johnny Van Zant akiimba mahali pa kaka yake, na wajane wa Ronnie na Steve wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 yakafikiwa makubaliano yaliyoruhusu jina litumike kwa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kwamba ndani ya bendi wawemo wanamuziki wa kabla ya ajali. Someni tena sentensi hiyo. Swali ambalo humu tunaambiwa ni la mashabiki wenye wivu liliwahi kuandikiwa masharti mahakamani, na masharti yenyewe yalihusu nani yupo jukwaani.

Kati ya hao wa kabla ya ajali, mpiga besi Leon Wilkeson alifariki mwaka 2001, mpiga kinanda Billy Powell mwaka 2009, na mpiga gita Gary Rossington, wa mwisho kati ya waanzilishi, tarehe 5 Machi 2023. Rickey Medlocke bado yupo, na kwa haki lazima nitaje kwamba aliwahi kupiga dramu na bendi hii mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla ya albamu ya kwanza kutoka, kisha akarudi mwaka 1996 akiwa mpiga gita. Huo ni uzi mwembamba, lakini ni uzi. Hata hivyo, albamu yao ya mwisho ya nyimbo mpya ninayoifahamu ni ya mwaka 2012, Rossington akiwa hai, na kinachozunguka sasa ni kumbukumbu inayopigwa na watu wanaoipenda. Kumbukumbu si dhambi. Iitwe kumbukumbu.

Najua mtakimbilia kunitajia Fleetwood Mac, na nimefurahi, kwa sababu kisa hicho kiko upande wangu. Peter Green aliianzisha London mwaka 1967, akaondoka mwaka 1970. Lindsey Buckingham na Stevie Nicks waliingia mwanzoni mwa mwaka 1975, na albamu ya "Rumours" ya mwaka 1977, ambayo dunia nzima inaijua, isingekuwepo bila wao. Hawakuwa waanzilishi, lakini walimkuta Mick Fleetwood kwenye dramu na John McVie kwenye besi, wakatunga pamoja nao, wakawa bendi. Nani alilalamika? Lakini mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mwaka 1974, meneja wao Clifford Davis alidai kwamba jina ni mali yake, akawapeleka Marekani wanamuziki wengine kabisa wapige chini ya jina la Fleetwood Mac. Watu walishtuka na kukasirika, mambo yakaishia mahakamani, na mpaka leo kisa kile husimuliwa kama utapeli. Ndipo nawauliza ndugu zangu mnaosema bendi ni jina: kama meneja yule angekuwa na hati safi ya umiliki, wale watu wangekuwa Fleetwood Mac? Ikiwa jibu lenu ni hapana, basi hoja yenu imekwisha.

Kuna mchangiaji aliyetaja bendi yetu ya Msondo Ngoma kunijibu katika mjadala mwingine, akisema kwamba sisi wenyewe tumezoea bendi zinazoishi kuliko watu wake. Ni kweli, na ndiyo maana mfano huo unanifaa mimi. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikapita katika majina ya JUWATA na OTTU hadi Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa mali ya chama, wanamuziki walikuwa waajiriwa, na kuhama kulikuwa jambo la kawaida: mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo mwenyewe alikwenda bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, baadaye bendi ya OSS, kisha akarudi. Lakini hakuna aliyefichwa. Mashabiki walijua nani kahama na nani kabaki, wakabishana juu yake mtaani, na wengine wakamfuata mwimbaji wao alikokwenda. Zaidi ya hayo, bendi haikuacha kutunga. Mwimbaji TX Moshi William hakuwemo mwaka 1964, lakini hadi alipofariki mwaka 2006 tungo zake zilikuwa Msondo kamili, na atakayesema alikuwa anapiga kopi za NUTA nitamshangaa. Bendi ya roki ya AC/DC nao walimpoteza mwimbaji wao Bon Scott Februari 1980, na kufikia Julai walikuwa wametoa "Back in Black" wakiwa na Brian Johnson. Waliendelea kwa kutunga, na ndugu wawili Malcolm na Angus Young wakiwa palepale.

Ninachodai ni kidogo sana. Bango na ukurasa wa kuuzia tiketi viandike, kwa maandishi yanayosomeka, majina ya watakaopiga usiku huo, na pale ambapo hayupo hata mmoja aliyeshiriki rekodi zinazotangazwa, hilo lisemwe kabla fedha haijalipwa. Asiyejali atanunua vilevile. Msiniambie kwamba kufanya hivyo kunaua biashara, kwa sababu Brian May na Roger Taylor wa bendi ya Queen, ambao ni waanzilishi halali na wangeweza kutumia jina tupu bila mtu kuwagusa, wamejaza viwanja kwa miaka mingi wakijitangaza kama Queen + Adam Lambert, na kabla yake Queen + Paul Rodgers. Hawakumfanya mtu yeyote aamini kwamba nafasi ya mwimbaji wao Freddie Mercury, yule kijana aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, imejazwa. Kama wao wenye haki zote wameona vyema kuliandika jina la mgeni kwenye bango, hawa wasio na hata mmoja wa wenyeji jukwaani wana udhuru gani?