Adui wa nchi yetu yuko nje ya mpaka au yumo humu ndani?

KijanaWaKondele (Kisumu)

Hamjambo wazee na vijana wenzangu. Kuna jambo limetugawa hapa stejini tangu 2024. Baada ya vijana kuingia Bunge tarehe 25 Juni kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza ushuru, tulianza kuambiwa kuna mkono wa nje. Julai ile Rais William Ruto akiwa Kuresoi, kaunti ya Nakuru, aliitaja hadharani Ford Foundation ya Marekani kuwa inafadhili ghasia, na shirika lenyewe likakana. Hapa wengine walikubali, wakasema Mzungu hajawahi kututakia mema. Wengine wakauliza ushuru ule uliandikwa na Mzungu au na wabunge tuliowapigia kura. Mimi sijajua nisimame wapi. Nchi yetu inaumizwa na wageni au na watu wake? Naomba majibu ya watu walioona mambo, si matusi ya chama wala kabila.

MvuviUsenge (Siaya)

Kijana, mgeni yupo. Migingo ni kisiwa, jiwe tu ndani ya Ziwa Victoria, halifiki nusu ya uwanja wa mpira, lakini polisi wa Uganda wamekaa pale miaka na miaka na wavuvi wa Kenya wamekamatwa sana. Mwaka 2009 Museveni, Rais wa Uganda, alisema kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda. Sisi tunaishi kwa mbuta, yaani sangara, na mbuta yuko majini. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili, na hiyo nayo tunafinyiwa. Asiyevua hawezi kujua uchungu wake.

MkulimaMatungu (Kakamega)

Mvuvi ndugu yangu, pole, na sikupingi. Ila acha niseme ya huku kwenye miwa. Baba alilima miwa, nami nimelima tangu ujana.

Mumias Sugar iliundwa 1971, mitambo ikaanza kusaga 1973. Walioshikana na serikali kuijenga na kuiendesha walikuwa wageni, Booker ya Uingereza. Kwa miaka mingi hakukuwa na kiwanda cha sukari kilichoishinda nchini. Watoto wa huku walisoma kwa miwa, nyumba za mabati zikasimama kwa miwa. Septemba 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikaiweka chini ya msimamizi wake.

Uliza mtu hapa nani aliyeiua, atakwambia Brazil. Mwingine atakwambia Misri, mwingine Uganda. Ni kweli sukari ya nje ni rahisi, na mkulima wa Brazil ana shamba ambalo macho yangu hayawezi kulimaliza. Lakini gunia la kilo 50 halitoki bandari ya Mombasa likafika duka la Bungoma bila Mkenya kuliandikia kibali, Mkenya mwingine kulipitisha na wa tatu kulipokea godauni. Mwaka 2018 polisi walipovamia magodauni sehemu nyingi nchini, walikuta sukari ya nje ikihamishwa kutoka gunia lake na kutiwa kwenye mifuko yenye alama za hapa nyumbani. Kazi ile haikufanywa na Mbrazili.

Rudi nyuma kidogo. Tangu 2002 nchi wenzetu wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, zilitukubalia tuweke kikomo kwa sukari yao inayoingia bila ushuru, ili tupate muda wa kujipanga. Masharti yalijulikana: viwanda vya serikali vibinafsishwe, itafutwe miwa inayokomaa mapema, na mkulima alipwe kwa utamu wa miwa badala ya uzito peke yake. Muda ukaisha, tukaomba mwingine, tukapewa. Ukaisha tena, tukaomba tena. Imepita miaka zaidi ya 20. Miwa yangu bado inakaa shambani mwaka mmoja na nusu, na mizani bado inasoma tani tu. Hao wageni walitusubiri kwa subira kubwa.

Halafu 2017. Ukame ulipunguza miwa, uchaguzi ukawa mlangoni, serikali ikafungua dirisha la sukari bila ushuru. Ikaingia karibu tani milioni moja mwaka huo, kiasi ambacho nchi nzima inakaribia kukitumia kwa mwaka mmoja. Nani alipiga hesabu hiyo? Aliyeipiga alijua kuna mtu Matungu ana miwa, na akaendelea.

Ndiyo sababu nasema mgeni anakuja kutafuta faida yake, kama mfanyabiashara yeyote. Aliyeapa kunilinda ndiye aliyeniuza, na huyo ananiuma zaidi.

KijanaWaKondele

Asante mzee, hiyo ya COMESA sikuijua. Sasa hao wasaliti walio kati yetu wafanywe nini? Wenzangu hapa wanasema wanajulikana, hata kwao kunajulikana.

MamaWaNjoro (Nakuru)

Hapo simama, mwanangu.

Nilikuwa nimeolewa Molo. Mwaka 1992 niliitwa adui na watu tuliochota maji kisima kimoja, tukasaidiana kwenye matanga na harusi. Sikuwa nimeiba hata kiazi. Kosa lilikuwa jina langu na mahali alikotoka babu yangu. Waliotuchomea nyumba walikuwa wameambiwa kwamba adui amekaa katikati yao, na akiondoka shida zitaondoka naye.

Ikaja tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ilipitia redio za lugha za nyumbani, ikapitia simu, ikafika kila boma. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Hapa Nakuru uwanja wa maonyesho ulijaa mahema, wa kabila hili na wa kabila lile, kila mtu na mtoto na godoro. Hakuna jeshi la kigeni lililovuka mpaka kuja kutuua. Mgeni aliyekuja alikuwa Kofi Annan wa Ghana, akakaa na wakubwa wetu mpaka wakatia sahihi mkataba wa kugawana madaraka tarehe 28 Februari 2008. Wakagawana wizara. Sisi tukabaki mahemani, mvua za masika zikatukuta humo.

Kwa hiyo nikisikia kijana anasema “wasaliti wanajulikana hata kwao,” moyo unanidunda. Mara zote mbili maneno hayo hayakumgusa aliyekula fedha za umma. Yalimwangukia mama muuza viazi. Na yule mla fedha alifurahi, maana tulipokuwa tukichomeana nyumba hakuna aliyemuuliza hesabu.

Mzee wa Matungu amesema vizuri kwa sababu ametaja kibali, mwaka na tani. Mtaje mtu kwa alichofanya na ofisi aliyokuwamo siku hiyo. Kijiji chake kiache kabisa. Wewe bado kijana, na huko Kondele mmezika wenzenu wa kutosha.

MvuviUsenge

Mama, pole sana. Nakubali hata huku yapo. Nchi zote tatu za ziwa zilikubaliana mbuta wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, lakini wadogo wanauzwa ufukweni kila asubuhi na anayepaswa kuzuia anapita hapo hapo. Hata hivyo Migingo sitaiacha. Serikali inayoogopa kuongea na jirani kuhusu maji yangu nayo naidai jibu.

KijanaWaKondele

Nimewasikia wote. Mama, maneno yale nayaondoa, na nitawasomea wenzangu ulichoandika. Mzee, mtu anaanzia wapi kutafuta hayo ya vibali?

MkulimaMatungu

Mama, asante. Nami naongeza kwamba wenye magodauni hawakuwa wa kabila moja. Kwenye pesa wanaelewana bila mkalimani.

Kijana, notisi ya 2017 ya kuruhusu sukari bila ushuru ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na aliyeitia sahihi ametajwa. Majina ya kampuni zilizoleta sukari, na kila moja ilileta tani ngapi, unaweza kuyaomba kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Barua yangu iko tayari, ni ukurasa mmoja. Nitaiweka hapa jioni nikipata stima. Kila mtu anakili, anaweka jina lake na kaunti yake, tunazipeleka siku moja. Mvuvi, yako andika ya Migingo, nitakusaidia kuipanga.