Zahanati tunayo, lakini usiku imefungwa: tujenge nyumba ya mtumishi au tuchangie gari?

Mwanakamati wa Bondeni

Ndugu zangu, ninaandika kutoka kijiji kimoja cha bonde la Mto Kilombero, ambako mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati. Zahanati hiyo tuliianza kwa nguvu za wananchi: tulifyatua matofali, tukasomba mchanga, boma likafika kwenye lenta, halmashauri ikamalizia. Ilipofunguliwa tuliamini kwamba ule mpango wa mwaka 2007, wa zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, umetufikia na sisi.

Lakini zahanati inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Muuguzi mkunga tuliye naye ni mmoja, naye amepanga chumba kijiji cha jirani kwa kuwa nyumba ya mtumishi haikujengwa. Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeharibu barabara, binti wa jirani yangu alishikwa na uchungu saa nne usiku. Tulimpakia kwenye bodaboda, akajifungua njiani, damu ikamtoka nyingi mno, na tulipofika kituo cha afya, kilomita 31 kutoka kwetu, kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Mtoto yuko hai. Mama yake tulimzika siku iliyofuata.

Sasa kijiji kimekusanya shilingi milioni nne baada ya mavuno ya mpunga, na mkutano mkuu umegawanyika. Wengi wanataka tuanze kuchangia gari la wagonjwa. Wachache, nami nikiwamo, tunaona ijengwe nyumba ya mtumishi. Ninawaomba mnaoifahamu kazi hii mtushauri, maana mkutano unarudi Jumamosi.

Tabibu mstaafu

Ndugu mwanakamati, pole sana kwa msiba, na uwafikishie pole zangu wazazi wa binti. Nimefanya kazi katika zahanati za vijijini kwa miaka 27, na ushauri wangu ni nyumba kwanza. Mwanamke anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, kwa hiyo gari, hata likiwa zima na lina mafuta, haliwezi kutegemewa peke yake kwenye kilomita 31 za tope. Cha kumwokoa kinatakiwa kiwe pale pale anapojifungulia: mkunga anayejua kukanda mji wa mimba, sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, dripu, na jicho la kutambua mapema kwamba damu imezidi. Utafiti uliofanyika katika hospitali za nchi nne za Afrika, Tanzania ikiwamo, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko maalumu unaowekwa chini ya mama badala ya kukadiriwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara inapozidi, madhara makubwa yanapungua kwa asilimia 60. Mfuko huo hauhitaji umeme.

Jambo ambalo kamati nyingi hulisahau ni jokofu. Oksitosini inatakiwa kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kwa joto la bonde lenu, kichupa kilichokaa kabatini kwa wiki nyingi kinaweza kupoteza nguvu huku muuguzi akiamini kwamba ametoa dawa. Mwulizeni anazihifadhi wapi.

Dereva wa jamii, Shinyanga

Ninamuunga mkono mzee wangu hapo juu, ila suala la usafiri msiliweke kando, kwa sababu uzazi pingamizi, yaani mtoto akishindwa kupita, unahitaji upasuaji, na upasuaji haufanyiki zahanati. Huku kwetu Kanda ya Ziwa ndiko ulikoanzia mpango wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, kabla ya kuenezwa nchi nzima. Simu inapigwa namba 115 bila malipo, kituo cha uratibu kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anapigiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Je, kijiji chenu kina dereva aliyesajiliwa? Kama hakuna, mtafuteni mwenye gari linalohimili tope mumpeleke kwa mganga mkuu wa wilaya. Hilo halimalizi hata shilingi moja ya ile milioni nne.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Ninaomba niseme kwa niaba ya huyo mwenzangu, kwa kuwa sioni mahali ambapo ameulizwa. Mtu mmoja hawezi kuzalisha usiku na kufungua zahanati asubuhi, wiki hadi wiki, nyumba iwe karibu kiasi gani. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri mkidai ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, ijazwe, na muhtasari wa mkutano wa kijiji uambatanishwe. Jingine ni usalama: niliwahi kuishi peke yangu kando ya zahanati isiyo na taa wala mlinzi, na kila mlango ulipogongwa usiku niliogopa kabla ya kufungua. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati yenu ndiyo inayopitisha mpango wa matumizi. Hoja ya taa za umeme wa jua na posho ya mlinzi ianzie hapo.

Mwanakamati wa Bondeni

Nimesoma yote, ahsanteni sana. Ni kweli, muuguzi hatujamuuliza hata mara moja. Tumekaa vikao vitatu tukimjadili bila yeye kuwapo. Kesho asubuhi ninakwenda kwake, nitamwuliza kuhusu jokofu, taa na mahali ambapo yeye mwenyewe angependa nyumba ikae. Kuhusu 115, simu zetu hushika mtandao kwenye kilima cha shule tu, kwa hiyo itabidi tuchague kijana wa kupanda pale usiku. Baba wa yule binti ameomba kazi hiyo apewe yeye.