Serikali na Katiba kwa Gredi ya 8: nifundisheje wasikariri tu?

Mwalimu_wa_Zamu:
Walimu wenzangu, hamjambo? Nafundisha Maarifa ya Jamii, darasa lina wanafunzi 58, kipindi ni dakika 40, na mada ya utawala imebakiwa na vipindi vinne. Mihimili mitatu ya serikali wanaitaja bila kukosea. Lakini ukiuliza ni nani anapaswa kukarabati zahanati ya hapa, nusu watasema rais, waliobaki watasema mbunge. Nakala ya Katiba ya Kenya ni moja, projekta hakuna. Tena nachelea mjadala kugeuka wa vyama na makabila, kesho mzazi yuko mlangoni. Nianzie wapi?

Chaki_na_Ubao:
Mwalimu, anzia Jedwali la Nne la Katiba. Sehemu ya kwanza ina kazi za serikali ya kitaifa, ya pili za kaunti. Katoni moja inatosha: kata vikadi 12 kwa kila kundi, makundi kumi ya watu watano au sita. Kila kadi kazi moja: chekechea, shule ya msingi, zahanati, hospitali ya kitaifa ya rufaa, polisi, zimamoto, uzoaji taka, soko, uhamiaji, barabara kuu ya kitaifa, barabara ya kaunti, leseni ya mbwa. (Hiyo ya mbwa imo kweli, ni kazi ya kaunti, na hawaisahau.) Wape dakika 10 wapange mafungu mawili, kisha kila kundi litetee kadi moja tu.

Watakwama kwenye elimu na afya kwa sababu wanadhani wizara moja inamiliki kila kitu. Ndiyo maana chekechea na shule ya msingi zote mbili ziwemo kwenye vikadi, kila moja na kadi yake: ya kwanza ni ya kaunti, ya pili ya taifa. Na jibu la "mbunge" usilipuuze. Watoto wameona madarasa yenye maandishi ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo ya eneo bunge) ukutani, kwa hiyo wana sababu ya kusema hivyo. Waeleze kwamba kazi ya mbunge kikatiba ni kutunga sheria, kuwakilisha na kusimamia matumizi ya serikali. Usipogusa hapo, watarudi palepale kwenye mtihani.

Pwani_Darasani:
Kwa uchaguzi, usijaribu kura zote sita, utamaliza kipindi ukigawa karatasi. Chukua ya rais peke yake, maana kanuni yake ndiyo inayowachanganya: Kifungu cha 138 kinataka zaidi ya nusu ya kura zote halali, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47.

Gawa darasa kuwa "kaunti" tano zenye wapiga kura 20, 14, 10, 8 na 6. Wagombea wasiwe watu, wawe mahitaji ya shule: maktaba, uwanja, miti ya matunda. Kabla hawajapiga kura yao wenyewe, andika ubaoni kwamba maktaba imepata 20, 10, 1, 1 na 0. Jumla 32 kati ya 58. Uliza: imeshinda? Darasa zima litaitikia ndiyo. Sasa wakokotoe asilimia kaunti kwa kaunti. Imefikisha 25 katika mbili tu, na ilihitaji tatu, kwa hiyo ni duru ya pili ndani ya siku 30. Waache wabishane wenyewe kwa nini Katiba ikaweka sharti hilo.

Wakishapiga yao, wahesabu mbele ya mawakala wa wagombea, wajaze karatasi mfano wa Fomu 34A (fomu ya matokeo ya kura ya rais katika kituo cha kupigia kura), mawakala watie sahihi, nakala ibandikwe mlangoni.

Mzalendo47:
Naunga mkono, ila kukwepa siasa halisi kabisa sikubaliani nako. Watoto hawa wanasikia redio nyumbani. Tumia mambo yaliyokwisha amuliwa. Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, ikauidhinisha ule wa 2022 tarehe 5 Septemba. Ni mahakama ileile, na makataa ya kuamua kesi ni yaleyale ya siku 14, lakini uamuzi ulitofautiana. Swali la darasani liwe "majaji walichunguza nini?", kamwe lisiwe "nani aliibiwa?". Andika ubaoni sheria moja: tunajadili ofisi, hatujadili aliyeikalia. Mzazi akija, mwonyeshe mtaala na swali hilo.

Mwalimu_wa_Zamu:
Asanteni sana. Kipindi cha nne je? Hawana miaka 18, nisiwafundishe haki wasizoweza kuzitumia.

Chaki_na_Ubao:
Soma Kifungu cha 37 na cha 119 pamoja nao. Vyote vinaanza na "kila mtu". Kupiga kura ni kwa raia mtu mzima, kuwasilisha maombi rasmi kwa mamlaka si hivyo. Waandike barua ya ukurasa mmoja kuhusu jambo moja la kaunti, kwa mfano taka za sokoni: mahali, ukubwa wa tatizo, wanachotaka kifanywe, na ofisi husika. Barua nyingi hukwama kwa kupelekwa ngazi isiyohusika, kwa hiyo kabla ya kuandika warudie vikadi vya kipindi cha kwanza. Pata idhini ya mwalimu mkuu, barua itoke kwa jina la darasa bila majina ya watoto, ipelekwe kwa mwakilishi wadi, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.