Ukoo wa Mzee Kondo: sindano za Imran

Mama Imran: Asalaam aleikum familia. Shikamooni wakubwa zangu. Naombeni ushauri kuhusu Imran. Mafua hayaishi jamani. Asubuhi ni chafya mfululizo mpaka gari la shule linapiga honi hajavaa hata viatu. Macho mekundu, na pua anaisugua kwa kiganja kwenda juu mpaka imejichora mstari. Kuna mama mmoja shuleni kwao kaniambia Ulaya watoto wanachomwa sindano za kuuzoesha mwili, aleji inatulia kabisa. Kuna mwenye kuzijua?

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Poleni sana. Mbona Ulaya mbali, sindano za aleji hata huku Mbagala zipo! Mimi nilichomwa moja tu, nikakaa wiki na wiki sijapiga chafya hata ya bahati mbaya.

Bamdogo Hamisi: Moja tu? Shemeji mpeleke kesho, tumalize.

Wifi Salma: Subirini kwanza. Shangazi shikamoo. Hiyo uliyochomwa walikutajia jina la dawa?

Shangazi Zuhura: Marahaba. Jina la nini tena, sindano ya aleji. Ya takoni.

Wifi Salma: Basi hiyo kwa maelezo yako ni steroidi ya kukaa muda mrefu mwilini. Inaituliza kinga ya mwili kwa wiki kadhaa, ikiisha nguvu mafua yanarudi palepale yalipokuwa. Kwa mtoto wa miaka minane siitaki kabisa. Ikirudiwa-rudiwa inachelewesha kukua, inazilaza tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini, na pale ilipoingia sindano nyama inaweza kubonyea. Anayoulizia Mama Imran ni kitu kingine, havifanani hata kidogo.

Shangazi Zuhura: Eh! Kumbe ndo ile njaa niliyokuwa naamka nayo saa nane usiku 😳

Bamdogo Hamisi: Shangazi ile njaa hata kabla ya sindano ulikuwa nayo 😂

Shangazi Zuhura: Hamisi nitakuja huko Tabata.

Kaka Jabir (Leicester): Poleni na joto ndugu zangu. Hizo sindano Yusuf wangu anachomwa huku, nieleze kidogo. Kila kidonge alikunywa na dawa ya pua alipuliza, lakini ikifika Juni anashindwa kusoma. Nyasi zinapochanua huku chavua, ule unga wa maua yake, inajaa hewani, na mitihani nayo ni Juni hiyohiyo. Wakampima, wakakuta ni chavua ya nyasi. Wanachofanya ni kumchoma chavua hiyohiyo inayomsumbua, kiasi kidogo mno, chini ya ngozi ya mkono. Mwanzoni kila wiki wanapandisha dozi kidogo kidogo, inachukua miezi. Ikifika dozi kamili inakuwa mara moja kwa mwezi, na hapo ni miaka mitatu, wengine mpaka mitano. Mkono unavimba kama andazi jioni yake, kesho umetulia.

Mama Imran: Miaka MITATU?

Kaka Jabir (Leicester): Ndiyo dada. Na kila sindano mnakaa hospitali nusu saa ndipo mruhusiwe kuondoka. Uingereza walibana masharti 1986 baada ya watu kufariki kwa mshtuko wa mzio, yaani aleji kali ya ghafla. Siku hizi ni kliniki za mabingwa tu, adrenalini, dawa ya kuuzima mshtuko huo, ipo tayari pembeni. Msitishike, mshtuko wenyewe ni nadra. Lakini ukitokea, mara nyingi ni ndani ya hiyo nusu saa, ndo maana hawakuachii uende. Yusuf yuko mwaka wa pili, na Juni iliyopita alicheza mpira nje. Kwangu mimi hilo linatosha.

Mjomba Rashidi: Wanangu habari za jioni. Naona mnaongea kama kitu kipya. Jambo hili lina zaidi ya miaka mia. Daktari Leonard Noon, pale hospitali ya St Mary's jijini London, ndiye aliyeandika matokeo yake mwaka 1911 kwenye jarida la Lancet. Alikuwa akiwachoma wagonjwa maji yaliyolowekwa chavua ya nyasi. Aliamini chavua ina sumu, na kwamba mwili utajenga kinga dhidi ya sumu hiyo. Katika sumu alikosea, sindano ikafanya kazi hivyohivyo. Akafariki 1913 kwa kifua kikuu, mwenzake John Freeman akaendeleza. Sasa swali langu kama mwalimu: je, Imran anadhurika na chavua? Huku kwetu hakuna msimu mmoja wa nyasi kuchanua kama kwa Jabir. Mtoto anapiga chafya Januari mpaka Desemba, tena alfajiri, ndani ya nyumba, akiwa kitandani. Chavua inamfuata kitandani?

Bamdogo Hamisi: Mwalimu kipindi kimeisha, kengele imelia

Mjomba Rashidi: Hamisi wewe ulikuwa mtoro tangu darasa la tatu.

Wifi Salma: Mjomba shikamoo, umemaliza kazi yangu yote. Hapo ndipo penyewe. Sindano ya Yusuf ni ya nyasi. Ukimchoma Imran hiyo na tatizo lake ni utitiri wa vumbi, utamtoboa mkono miaka mitatu bure. Dawa hizi zinaandaliwa kwa kitu kilekile kinachomsumbua mgonjwa. Na pwani yetu hii yenye unyevu, mara nyingi tunachokutana nacho ni utitiri wa kwenye godoro na mito, mende, na ukungu wa ukutani.

Mama Imran: Utitiri si ule wa kuku?

Wifi Salma: Jamaa zake, ila hawa hawaumi na huwaoni kwa macho. Wanakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka kitandani. Kinachomsumbua mtoto hasa ni kinyesi chao, kinakauka, kinapeperuka, anakivuta. Wanapenda joto na unyevunyevu, yaani Dar yote ni kwao.

Mjomba Rashidi: Waholanzi ndio walioonyesha hilo 1964, kule Leiden. Kabla ya hapo watu walisema tu "vumbi".

Bibi Mwanaidi: 🎤 Ujumbe wa sauti

Mama Imran: Kwa ambao hamwezi kufungua sauti: Bibi anasema sisi tunahangaika na sindano na dawa ipo jikoni. Habasoda isagwe, ichanganywe na asali, alambe asubuhi kabla hajala. Na chumba kifukizwe udi na ubani kila magharibi hewa isafike.

Wifi Salma: Bibi shikamoo. Asali alambe, ana miaka minane haimdhuru. Haitamwondolea mzio, lakini koo litapoa. Ila udi Bibi wangu nakuomba sana kwa huyu mtoto usifukize. Moshi ni moshi, wa udi, wa mkaa, wa dawa ya mbu ya kuchoma. Pua yake tayari imevimba, moshi unaikwangua zaidi.

Bibi Mwanaidi: 🎤 Ujumbe wa sauti

Shangazi Zuhura: 😂😂😂 Bibi kasema yeye kalelewa ndani ya udi na hajawahi kupiga chafya, labda tatizo ni nyumba za vigae.

Wifi Salma: Bibi una haki ya kusema. Mama Imran nikuulize kitu, usinifiche. Usiku anakohoa?

Mama Imran: Anakohoa wifi. Hasa alfajiri. Na akikimbia sana na wenzake anasimama, kifua kinapiga filimbi kidogo, kisha anaendelea. Nilidhani ni mafua yameshuka.

Wifi Salma: Anakoroma? Analala mdomo wazi?

Baba Imran: Anakoroma kunishinda mimi.

Wifi Salma: Haya. Basi sindano tuziweke pembeni kwanza. Kifua kikipiga filimbi lazima aangaliwe pumu. Mafua ya mzio na pumu vinakwenda pamoja mara nyingi, pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Na pumu ikiwa haijatulia hizo sindano HAZICHOMWI, maana wenye pumu isiyodhibitiwa ndio wanaopata madhara makubwa zaidi. Kukoroma nako kutazamwe, inawezekana ana nyama za puani. Hizo hata ukimchoma sindano za dunia nzima atakoroma tu.

Kaka Jabir (Leicester): Kweli. Yusuf kila tukifika wanampulizisha kile kikopo cha kupima pumzi. Siku moja alikuwa na kikohozi wakaturudisha nyumbani bila sindano.

Baba Imran: Mimi niseme ukweli wangu. Kwenye dawa siogopi, naogopa safari. Tuko Kigamboni. Kila wiki nimtoe shule, kivuko, foleni, nusu saa ya kukaa, kurudi. Kisha kila mwezi mpaka anamaliza shule ya msingi. Na hela, maana dawa yenyewe inaagizwa nje. Katikati nikikwama?

Wifi Salma: Shemeji hilo ndilo swali la mtu mzima. Ukikatisha mapema umetupa hela, maana faida ya kudumu inapatikana ukimaliza hiyo miaka mitatu. Ukimaliza, wengi wananufaika miaka kadhaa hata baada ya kuacha, jambo ambalo kidonge hakiwezi. Kwa hiyo ni kuanza ukijua utamaliza, au usianze. Na bima waulize wenyewe kwa maandishi kabla hujalipa chochote.

Bamdogo Hamisi: Mi nina wazo. Jabir anakuja Desemba. Si aje na chupa zake, Salma wewe muuguzi, unamchoma nyumbani Ijumaa tukitoka msikitini. Safari imeisha.

Kaka Jabir (Leicester): 🙆🏾‍♂️

Wifi Salma: Hamisi hapana. Hapana tena. Dawa hizo zinatunzwa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, wewe unataka zipande ndege kwenye begi pamoja na viatu. Umeme ukikatika Kigamboni nani anajua zimekaaje? Na mtoto akibanwa koo sebuleni kwa Baba Imran mimi nitafanya nini, nimpepee? Sindano hii haichomwi nyumbani na mtu yeyote, hata mimi. Huchomwa palipo na adrenalini, oksijeni na daktari anayejua kuvitumia.

Bamdogo Hamisi: Nimeelewa muuguzi mkuu. Nilikuwa nachangia tu.

Kaka Jabir (Leicester): Ila kuna vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Vipo vya nyasi na vipo vya utitiri. Cha kwanza unameza kliniki wanakuangalia, vilivyobaki kila siku nyumbani. Miaka ni ileile mitatu.

Wifi Salma: Hakimezwi Jabir, kinayeyuka chini ya ulimi 😄 Lakini ndiyo, hiyo ni njia salama zaidi kuliko sindano, na inamfaa baba mwenye kivuko. Tutaiuliza kwa daktari. Bado tunarudi palepale, lazima tujue ni nini kinachomsumbua.

Mama Imran: Sasa nianzie wapi wifi? Cetirizine, ile dawa ya aleji, anakunywa kila siku.

Baba Imran: Na ile dawa ya kupuliza puani ipo kabatini. Alipuliziwa siku chache haikufanya kitu.

Wifi Salma: Siku chache haiwezi. Ile ndiyo dawa kubwa ya ugonjwa huu kuliko vidonge, ila inataka kila siku, na kufikia nguvu yake kamili inachukua kama wiki mbili. Na wengi wanaipuliza vibaya. Mtoto ainamishe kichwa mbele kidogo, asiangalie dari. Ncha ielekee upande wa nje, upande wa sikio, isielekee ukuta wa katikati ya pua maana ndipo panatoka damu. Avute pumzi polepole, asinuse kwa nguvu, ikifika kooni umeimeza bure. Kabla yake msafishe pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa. Angalia tarehe ya hiyo chupa ya kabatini kwanza.

Baba Imran: Nimeangalia. Imeshakwisha muda 🙈 Kesho nanunua nyingine.

Wifi Salma: Chumbani kwake toa lile zulia. Godoro liwekewe kava la kufunga kwa zipu. Mto wa sufi utoke. Shuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, maji ya vuguvugu utitiri wanayaogelea. Mdoli wake wa simba umtie kwenye jokofu la kugandisha usiku mzima, kisha ufuliwe. Feni ifutwe kwa kitambaa kibichi, mapanga yale ndiyo yanamwagia vumbi usiku.

Shangazi Zuhura: Simba aliyeganda! Mtoto atalia huyo.

Mama Imran: Akilia nitamwambia ni shangazi yake Salma. Na hospitali?

Wifi Salma: Mje kliniki ya masikio, pua na koo, mwanzo mwa mwezi ujao, nitawaambia siku daktari bingwa yupo. Ataangalia pua, na kifua tutamwona daktari wa watoto siku hiyohiyo. Kisha kipimo cha ngozi. Wanamdondoshea matone mkononi, kila tone kitu kimoja, utitiri, mende, chavua, nywele za paka. Wanachokoa kidogo juu ya ngozi, haitoki damu. Dakika kama kumi na tano hivi, panapovimba panajulikana. Kama kifua hakijatulia, watachukua damu badala yake. Jibu likitoka, na dawa ya pua ameitumia sawasawa miezi miwili mitatu bado hajapata nafuu, hapo ndipo Baba Imran akae na daktari wazungumze sindano au vidonge vya ulimi. Kwangu sindano si mbaya. Nakataa kuanza na mwisho.

Mjomba Rashidi: Hoja imekubaliwa.

Baba Imran: Nimekubali. Miezi miwili mitatu naiweza.

Wifi Salma: Moja muhimu: cetirizine muisimamishe wiki moja kabla ya kipimo cha ngozi, la sivyo ngozi haitavimba na tutaambiwa hana kitu. Dawa ya pua msiache. Wiki hiyo chafya zitaongezeka, mwambieni mwalimu wake mapema. Na kifua kikibana msisubiri siku ya kliniki, mje saa hiyohiyo.

Mama Imran: Nimeandika yote wifi. Allah akulipe.

Shangazi Zuhura: Salma mwanangu, na mimi nije siku hiyo nipimwe mkono?

Wifi Salma: Njoo Shangazi. Ila kuanzia leo ukienda kule Mbagala usichomwe kitu kabla hujaniambia jina lake.