Ushauri: mzazi ana kinundu cha milimita 7 kwenye pafu, skani ya pili ni lazima?

Kijana_wa_Dunga: Wadau, habari za jioni. Mwaka jana mama alianguka na boda hapa Kondele, akapigwa skani ya CT ya kifua kuangalia mbavu. Mbavu zilikuwa sawa. Ripoti ikasema kuna kinundu kigumu cha milimita 7 juu ya pafu la kulia, arudie skani baada ya miezi 6 hadi 12. Sasa ni mwezi wa 14. Hakohoi, anakula, anabeba karai lake la samaki kama kawaida. Ni lazima kweli, ama hospitali inatafuta pesa?

Makanga_Mstaafu: Boda za Kondele! Mimi zilinivunja mguu, mpaka leo mvua ikikaribia nauma kabla ya redio kutangaza. Mwambie mama apande tuktuk.

Shemeji_wa_Ahero: Mwarobaini asubuhi na jioni, tumbo tupu. Hivyo vinundu huyeyuka.

Nesi_wa_Usiku: Haviyeyuki kwa mwarobaini. Vingi si saratani, ni kweli, na huku kwetu vingine ni makovu ya TB. Vilivyo chini ya milimita 6 mara nyingi huachwa. Kati ya 6 na 8 hurudiwa kupimwa, kwa sababu picha moja haikuambii kama kitu kinakua. Kikitoka 7 hadi 9 unaona ni milimita mbili tu, kumbe ujazo umezidi maradufu. Kutokohoa si kipimo, kinundu kidogo hivyo hakimkohoshi mtu. Mama mwenyewe anasemaje?

Kijana_wa_Dunga: Asante dada. Lakini miale nayo si inaleta hiyo hiyo saratani? Naona tungoje Desemba.

Mwalimu_Kibos: Mimi nilimeza dawa za TB miezi 6, kovu liko hadi leo. Kila nikipigwa picha daktari mgeni anashtuka, namtolea ile ya zamani anatulia. Niliolewa nalo.

Nesi_wa_Usiku: Kuna skani ya miale kidogo, iombeni. Sijajibiwa: mama anasemaje?

Kijana_wa_Dunga: Mama hajui. Ripoti nilichukua mimi, nikamwambia mbavu ni nzima. Sikusema uongo.

Makanga_Mstaafu: Uliruka ukurasa tu.

Shemeji_wa_Ahero: Mzazi hafichwi, kijana. Mungu anakuona.

Kijana_wa_Dunga: Ni rahisi kusema. Nimeshaamua, akianza kukohoa nitampeleka.

Jicho_la_Tai: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye alikuwa hapa mwezi wa tatu akiomba mchango wa mazishi ya mama? Mama anakufa mara ngapi?

Makanga_Mstaafu: Eh! Nilituma 200!

Mwalimu_Kibos: Na mimi nimemaliza bando nikimsimulia kovu langu.

Kijana_wa_Dunga: Aliyekufa ni mama mdogo. Kwetu mama mdogo ni mama, alininyonyesha pia. Ilikuwa saratani ya pafu. Aliambiwa Jumanne, na tangu hiyo Jumanne hakumaliza sahani ya ugali tena. Mama ndiye alikuwa akimlisha kwa kijiko. Huyo huyo ndiye mnataka nimketishe nimwambie?

Nesi_wa_Usiku: Kwa hiyo dada yake wa tumbo moja amekufa kwa saratani ya pafu, na wewe umetupa habari za boda. Na hao samaki, anauza wabichi?

Kijana_wa_Dunga: Mbuta wa kubanika. Miaka 30. Lakini hajawahi kushika sigara.

Nesi_wa_Usiku: Pafu haliulizi moshi umetoka kwa kuni ama sigara. Desemba ni mbali. Mwambie kuna alama pafuni inayopimwa tena, basi, hayo ndiyo mnayoyajua. Na mbebe CD ya skani ya mwaka jana, daktari asome picha zote mbili kwa pamoja.

Jicho_la_Tai: Bado sijashawishika. Tupigie hiyo CD picha.

*(Siku iliyofuata)*

Kijana_wa_Dunga: CD nimeikosa kabatini nikamuuliza mama. Ameitundika kwa uzi kwenye mtama, anafukuzia ndege. Akaniuliza ilikuwa ya nyimbo gani.

Makanga_Mstaafu: Ukamjibu?

Kijana_wa_Dunga: Nimeishusha. Imekwaruzwa upande mmoja. Dada nesi, hospitali huweka nakala?

Nesi_wa_Usiku: Nyingi huweka. Nenda na namba ya mgonjwa. Na nenda naye.